Breki za Wundanyi

Leo naziweka kompyuta kando kidogo. Binamu yangu wa Voi kaona dukani baiskeli ya milimani yenye shokabzoba nyuma, inang'aa kweli kweli, bei yenyewe si mbaya. Ananiuliza ainunue? Nikamwambia ngoja kwanza nikupe historia.

Reli ya kutoka Voi kwenda Taveta, iliyoanza kujengwa 1915 wakati wa vita na Wajerumani, ilipita Mwatate na Maktau, kule chini kabisa. Milimani haikupanda. Kwa hiyo kabichi za Wundanyi zilijitafutia njia ya kushuka, nyingine juu ya Black Mamba.

Mojawapo ilikuwa ya mjomba wangu. Mimi nimekaa kwenye mtalimbo, kabichi ziko kwenye karia, asubuhi ina ukungu. Breki za Black Mamba ni fito za chuma: ukibana, fito zinavuta vipande vya mpira vikagusa rimu. Rimu nayo ni chuma chenye kromu, na ikilowa mpira unateleza tu. Mjomba alibana, baiskeli ikazidi kwenda. Akaburuza akala chini, tukaishia ukingoni mwa barabara, upande wa mlima kwa bahati. Upande wa pili ni bonde. Kabichi ziliendelea na safari bila sisi. Kovu la goti ninalo hadi leo.

Tupige hesabu (samahani, ni ugonjwa wa kazi yangu). Mzigo na watu kilo 100, mteremko wa mita 500: hiyo ni nishati ya kama kilojuli 490, inayoweza kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji. Hata upepo ukichukua sehemu yake, nyingi iliyobaki lazima ipitie kwenye vile vipande vya mpira.

Wamarekani nao waliipata taabu hii. Tarehe 21 Oktoba 1976, vijana wa Marin, California, walifanya mashindano ya kushuka mlima kwa baiskeli kuukuu zenye breki ya kukanyaga kinyumenyume. Grisi ndani ya habu iliungua ikatoka moshi, ikabidi kila baada ya kushuka waifungue na kujaza nyingine. Njia ile ikaitwa Repack, yaani jaza upya. Baiskeli ya milimani kwa sehemu kubwa ilizaliwa pale.

Na shokabzoba? Mwaka 1885 Linley na Biggs wa London walitengeneza Whippet, baiskeli yenye fremu ya springi. Miaka mitatu baadaye Dunlop akaleta tairi la upepo, na springi zikakosa kazi. Zilirudi kwa nguvu baada ya 1989, RockShox ilipotoa uma wa mbele wa hewa na mafuta, kisha nyuma nako kukafuata.

Neno kubwa hapo ni mafuta. Springi hukusukuma tu. Mafuta yanayopenya kwenye matundu madogo ndiyo huituliza. Nikamwambia binamu: ikalie, idundishe, uiachie. Ikirukaruka kama mpira, hiyo ni springi tupu, itakurusha kwenye kona. Ile nzuri ya hewa ni nyepesi na unaipima kwa pampu yake, ukikaa izame kama robo hivi, ila vumbi jekundu la Tsavo hula sili zake, ifute kila siku. Ya springi na mafuta ni nzito lakini mvumilivu.

Kama hela haitoshi, achana na shokabzoba ya nyuma, nunua breki nzuri za diski. Pedi zikibaki chini ya milimita 1, badilisha. Ziking'aa kama kioo, zipige msasa. Mafuta ya mnyororo yasizifikie hata tone. Pedi mpya usizishushie Wundanyi siku hiyo hiyo: kimbia kwenye tambarare, punguza mwendo taratibu, rudia kama mara 20 hadi zishike.

Jana amenipigia simu. Kanunua isiyo na shokabzoba nyuma, na sasa anauliza karia inafungwaje.