Picha Isiyo na Jina

Mwaka jana nilimsimamisha mama mmoja muuza samaki kwenye mchanga wa Msimbati, jirani na mdomo wa Ruvuma. Nikampa kioo akishike mbele ya uso, nikapiga. Kwenye picha hana uso. Pale pa uso ipo bahari. Nikajiona msanii kweli kweli!

Nikampelekea mjomba wangu, mzee wa Kimakonde. Akaitazama, akaigeuza nyuma. Peupe.

"Jina lake liko wapi, mjomba?"

"Hiyo sanaa, mjomba. Ni mtu yeyote."

"Mtu yeyote ndiye nani?"

Ndugu msomaji, swali hilo lilinirudisha mwaka 1906. Vita vya Maji Maji vilikuwa havijaisha, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig akaja huku kusini na kamera, mashine ya sinema na ya kunasa sauti. Alipita Masasi, akapanda Newala hadi Mahuta. Kitabu chake kilitoka 1908. Wakubwa kama Matola wa Chingulungulu aliwataja. Lakini wengi mle ni mwanamke wa Kimakonde au kijana wa Kiyao, basi. Sura imechukuliwa, jina limeachwa njiani.

Kwani Wamakonde hawakujua kuficha sura? Walijua zamani! Kwenye ngoma za jando na unyago mchezaji huvaa kinyago, mwili wote kaufunika. Kipo hata kinyago cha kifua na tumbo la mja mzito, na anayekivaa ni mwanamume. Watoto ambao hawajaingia jandoni waliambiwa huyo si mtu, ni mzimu. Ila wenzake waliokwisha pita wanamjua aliye ndani, na mwenyewe ndiye aliyekubali kuingia.

Tofauti ndiyo hiyo. Mvaa kinyago amejificha; wale wa kwenye kitabu wamefichwa. Sasa mimi na kioo changu, nilikuwa upande gani?

Siku ya pili nikapanda gari kurudi Msimbati, picha mkononi. Nilimkuta anapara samaki. Nikamuuliza. Akafuta mikono kwenye kanga, akaishika picha, akacheka.

"Uso iache hiyo bahari, imenipendeza. Jina andika, wajukuu wanijue."

Nimeliandika nyuma, kwa kalamu ya wino. Hapa silitaji. Ruhusa niliyopewa ni ya nyuma ya picha tu.