Bei ya Kosa: Majengo na Ufundi wa Kulirudisha Gari Linapotupa Mkia

Kwa miaka mingi Mkenya anayetaka leseni ya udereva amepimwa kwanza mezani. Mbele yake huwekwa ubao uliochorwa barabara, njia panda, mzunguko na vivuko, na juu ya ubao huo kigari cha kuchezea. Mtahini humwambia atoke hapa aende pale, naye hukisukuma kigari kwa vidole huku akieleza atasimama wapi, atampisha nani, ataingia mzunguko kwa upande upi. Wengi wameucheka ubao huo, lakini umebeba jambo zito: serikali yenyewe ilikubali zamani kwamba sehemu ya udereva hufundishika kwa kuigiza, mahali ambapo kosa halivunji taa ya gari wala mguu wa mtu. Elimu ya ubao ina mpaka wake. Haimwambii mwanafunzi afanye nini pale tairi za nyuma zinapoachia na mkia wa gari ukataka kupita mbele. Elimu ya mtelezo imekuwa na shule zake nyingine nchini Kenya, na historia ya shule hizo, mtu akiitazama kutoka mtaa wa Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, ni historia ya nani alimudu kukosea mara nyingi. Hoja hiyo ndiyo ninayoitetea hapa, kwa sababu bila kuielewa hatuwezi kupima thamani ya simuleta za mbio, yaani michezo ya kompyuta inayoigiza udereva, ambazo vijana wa leo wanazijadili kwa hamu.

Tuanze na ufundi wenyewe. Dereva anaingia kona kwa kasi, anashtuka, anaondoa mguu kwenye mafuta. Uzito wa gari unakimbilia puani, nyuma inakuwa nyepesi, na tairi za nyuma zinapoteza mshiko wakati za mbele bado zinauma. Gari linajipinda kuliko usukani ulivyoagiza. Dawa yake husemwa kwa sentensi mbili: zungusha usukani kuelekea kule mkia unakokwenda, na jicho libaki pale unapotaka gari lifike, si kwenye mti unaouogopa. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma huhitaji pia mafuta kidogo, kwa upole, ili uzito urudi nyuma; anayekanyaga breki kwa nguvu huuharibu mchezo wote. Kigumu zaidi ni kinachofuata. Tairi zikishika tena ghafla na usukani bado umekatwa, gari hurushwa upande wa pili kwa nguvu kuliko mwanzo, na wengi wameokoka mtelezo wa kwanza wakaangamia katika wa pili. Yote haya hutokea kabla mtu hajamaliza kutamka jina lake. Akili inayopanga hoja haiwahi. Mikono ndiyo inayopaswa kujua, na mikono haijui kwa kuambiwa. Hujua kwa kurudia, yaani kwa kuteleza, kushindwa, na kuteleza tena. Kila mtelezo ulioshindwa una bei, na mtu hulazimika kuilipa au kutafuta wa kuilipa.

Ili kuona nani aliweza kuilipa bei hiyo, turudi Majengo. Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipowakusanya Waafrika wa Nairobi Pumwani na kuwaruhusu wajenge nyumba za fito na udongo juu ya viwanja vya kukodi. Watu wa makabila mengi, wengi wao Waislamu, walifanya Kiswahili kuwa lugha ya ua, ya soko na ya msikiti. Mtaa huu umesimama hatua chache kutoka soko la Gikomba na Kamukunji. Nje ya mtaa huo, mwishoni mwa Mei 1953, magari yalikimbia kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Hizo ndizo mbio zilizokuja kuitwa Safari. Wakati huo Hali ya Hatari dhidi ya Mau Mau ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952, na Aprili 1954 msako wa serikali ulioitwa Operesheni Anvil ungepita Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, nyumba hadi nyumba, ukiwachuja watu na kuwapeleka kambini kwa maelfu. Mzungu mwenye gari lake aliweza kuteleza kwenye tope la nchi tatu akalala kwa rafiki, akaamka, akaendelea. Mwanamume wa Majengo alihitaji karatasi mfukoni ili apite mjini mwake mwenyewe. Siyaweki mambo haya bega kwa bega ili kuamsha uchungu uliopoa. Nayaweka kwa sababu tope lilikuwa mali ya wote na mvua ilinyesha kwa wote, lakini ruhusa ya kukosea juu ya tope hilo ilikuwa ya wachache.

Ndani ya wachache hao tunapata ushahidi mzuri wa jinsi ufundi unavyojengwa. Kwa miaka mingi Safari ilikimbiwa wakati wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimeanza, barabara za murram zikiwa sabuni na udongo mweusi ukinata mpaka kwenye ekseli. Mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu. Mwaka 1968 vilevile 7. Tangu 1953 hadi 1971 kila mshindi alikuwa mkazi wa Afrika Mashariki, na ilichukua hadi 1972 kwa Hannu Mikkola wa Ufini kuuvunja mwiko huo akiwa na Ford Escort. Wapo wanaosema wenyeji walishinda kwa sababu walizijua njia. Ni kweli, lakini hilo halitoshi. Mtazame Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi wa magari, ambaye mwaka 1958 aliajiriwa kuwa mtu wa doria wa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kuwafikia waliokwama barabarani. Mwaka 1965 alishinda Safari na nduguye Jaswant katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, kisha akashinda tena 1974 na 1976 katika Mitsubishi Lancer. Naamini doria ilimfundisha zaidi ya mbio zenyewe: ilimpa siku nyingi za barabara chafu, kwa mwendo wa kawaida, kwa mafuta yasiyotoka mfukoni mwake, naye akiwa na spana za kutengeneza alichoharibu. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda na kushinda mara tano kati ya 1973 na 1982, naye alikulia ambako magari ya kujaribia hayakuwa ndoto. Vipaji vyao ni vya kweli. Lakini kipaji kilikutana na makosa ya bei nafuu, na hapo ndipo mkono ukajua.

Majengo haikukosa magari. Ilikosa umiliki wake. Matatu zilipozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, nauli ikiwa sarafu tatu za senti kumi, Eastlands ndiko zilikotia mizizi, na agizo la Rais Kenyatta la mwaka 1973 likaziruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu. Magari yaliyofanya kazi hiyo miongo ile ni pamoja na Peugeot 404, mengi yakiwa pikapu zilizojengewa mabenchi nyuma. Hapa historia ina jambo linalonigusa kila nikilifikiria. Peugeot 404 ndilo gari Bert Shankland wa Tanzania aliloshinda nalo Safari mwaka 1966 na 1967, na Nick Nowicki mwaka 1968. Mkia uleule unaosukumwa na magurudumu ya nyuma, tabia ileile ya kuteleza kwenye murram. Dereva wa matatu aliijua 404 mchana na usiku, pengine kwa saa nyingi kuliko dereva wa mbio. Hata hivyo, hakuruhusiwa kamwe kuichezea. Nyuma alibeba abiria, jioni alidaiwa hesabu ya mwenye gari, na mlango mmoja uliobonyea ulitosha kumkosesha kazi. Ujuzi wake ukawa wa kuepuka mtelezo: kusoma barabara mapema, kupunguza kabla ya dimbwi, kujua gari lililojaa linajibu vipi. Ni ujuzi wa heshima, na umeokoa roho nyingi, ila hauzai bingwa wa mbio. Waafrika weusi waliofika juu walikuwa wachache mno. Patrick Njiru alipomaliza wa nne mwaka 1994 katika Subaru, alikuwa na kampuni na timu nyuma yake kulipia majaribio. Bila mlango wa namna hiyo, dereva hodari kuliko wote wa Gikomba angebaki na ustadi wake Gikomba.

Simuleta iliingia katika historia hii kama shule ya kwanza ambayo bei ya kosa ni kitufe cha kuanza upya. Mwaka 2000 mchezo wa Colin McRae Rally 2.0 uliweka barabara za Kenya kwenye skrini za nyumbani. McRae mwenyewe alikuwa ameshinda Safari 1997 na 1999, na angeshinda tena 2002, mwaka wa mwisho kabla mbio hizo hazijaondolewa kwenye ubingwa wa dunia. Kisha likatokea jambo la ajabu. Safari ilipangwa kurudi kwenye ubingwa huo Julai 2020, korona ikaifuta, lakini Septemba mwaka huohuo mchezo wa WRC 9 ulitoka ukiwa na Kenya ndani yake. Kwa miezi kadhaa, hadi Sébastien Ogier aliposhinda Naivasha Juni 2021, Safari ya ubingwa wa dunia ilikuwepo ndani ya mashine tu, na kijana yeyote mwenye mashine hiyo aliweza kuharibu gari la mamilioni mara mia kwa alasiri moja. Usukani mzuri wa simuleta una mota ndani yake. Katika gari halisi, nyuma inapoteleza, magurudumu ya mbele hujaribu yenyewe kufuata mwelekeo wa safari, na usukani huvuta mikononi. Mota huiga mvuto huo. Mwanafunzi anajifunza kuulegeza usukani ujizungushe, kuudaka, na kuurudisha kabla mkia haujageuka. Hivyo ndivyo hasa tope la masika lilivyofundisha, isipokuwa sasa hakuna fundi wa kulipwa.

Pingamizi la kwanza ni la mwili, nalo ni zito. Dereva halisi huhisi mtelezo kwa makalio na mgongo kabla jicho halijaona. Kwenye simuleta ya kawaida kiti hakigeuki, na habari huja kwa jicho, sikio na viganja tu. Kwa hiyo mwanafunzi hugundua mtelezo akiwa amechelewa, hukata usukani kupita kiasi, na gari huyumba huku na huku. Tena hakuna hofu. Nayakubali yote, na bado hayavunji hoja. Kucheleweshewa habari kunamlazimisha ajifunze kutazama mbali na kusikiliza usukani, tabia ambazo zinamfaa pia barabarani. Jann Mardenborough wa Uingereza, mwana wa mchezaji wa kandanda, alishinda shindano la GT Academy mwaka 2011 kwa mchezo wa Gran Turismo, na mwaka 2013 alimaliza wa tatu katika daraja la LMP2 la mbio za Le Mans. Mwili wake ulihitaji kufundishwa zaidi, na ulifundishwa; lakini alipoingia garini mikono ilikuwa na msingi. FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, nayo ilipoanzisha mpango wake wa Rally Star wa kutafuta madereva vijana, mmoja wa milango ya kuingilia ulikuwa mchezo wa kompyuta. Kinyume chake, McRae Kimathi, aliyeiendea theluji ya Sweden mwaka 2022 katika ubingwa wa vijana, ni mwana wa Phineas Kimathi, aliyekuwa mwenyewe dereva wa mbio na kiongozi wa mchezo wa mbio za magari nchini, na jina lake limetokana na Colin McRae. Nampongeza kwa dhati. Njia yake inaonyesha tu kwamba urithi bado ndiyo barabara fupi.

Pingamizi la pili linanisumbua zaidi. Norway ilianza mwaka 1979 kuwalazimisha madereva wapya kupata mafunzo ya barabara telezi, na uchunguzi wa baadaye uliwakuta vijana wa kiume wakipata ajali zaidi, si pungufu. Walijiamini kupita ujuzi wao. Je, tunataka kijana wa Pumwani atoke kwenye simuleta aingie kwenye matatu akidhani anaweza kuudaka mkia wenye abiria 14? Hapana, na anayeitetea simuleta kama dawa ya ajali anawadanganya wazazi. Lakini kosa la Norway lilikuwa kuwapa watu mafunzo mafupi ya mtelezo wakaondoka na kumbukumbu ya kufaulu. Simuleta huacha kumbukumbu nyingine: kushindwa mara mia katika kona ileile, kwa kasi ileile. Nani anayejua zaidi kwamba mkia haudakiki kirahisi kuliko aliyeukosa mara mia? Mafunzo yakipangwa hivyo, kwa ajili ya uwanja wa mbio, na mkufunzi akilisema hilo waziwazi, mtaa haupotezi kitu.

Linabaki suala la vifaa, na hapa lazima tuwe wakweli. Katika vibanda vya michezo ya kompyuta vya Eastlands kandanda ndiyo inayotawala, na hata mchezo wa magari ukiwekwa, unachezwa kwa pedi. Kijiti cha pedi hakina uzito wala mvuto. Kinafundisha wakati wa kuondoa mafuta na wakati wa kurudisha, na programu humsaidia mchezaji kimyakimya pale kidole kinapokosea. Hiyo ni nusu ya somo. Nusu nyingine imo katika usukani wenye mota, kiti kisichoyumba na pedali imara. Kiti na fremu ya pedali ni chuma cha mraba, boliti na kulehemu, kazi ambayo mafundi wa jua kali wa Kamukunji huifanya tangu asubuhi hadi magharibi, umbali wa kutembea kutoka msikiti wa Riyadha wa Pumwani. Mota ya usukani ndiyo inayotoka ng'ambo, na kifaa kimoja kwa mtaa mzima, kikiwekwa mahali pa pamoja na kutumiwa kwa zamu, kingewapa vijana wa Majengo mitelezo mingi kwa mwezi mmoja kuliko ile aliyoruhusiwa dereva wa 404 maisha yake yote.