Uji Mzito, Tumbo Dogo

Ugomvi kati ya chakula cha mtoto kinachopikwa nyumbani na kile kinachonunuliwa dukani huzungumzwa Afrika Mashariki kana kwamba ni ugomvi wa zamani na sasa: bibi na kinu chake upande huu, kopo lenye picha ya mtoto mwenye mashavu upande ule. Ukiifuatilia historia yenyewe utaona mambo hayakwenda hivyo. Hoja yangu ni kwamba taabu kubwa ya kumlikiza mtoto katika nchi hizi ilikuwa wingi wa maji ndani ya uji; kwamba dawa ya taabu hiyo ilijulikana jikoni na kiwandani pia; na kwamba kilichoamua nani ashinde ni muda wa mama pamoja na aina ya nafaka iliyomfikia. Anayebishania nyumbani na dukani bila kuyagusa hayo mawili anabishania mfuko, si kilichomo.

Tuanze na bakuli. Mtoto wa miezi saba au minane anayenyonya vizuri huhitaji kilokalori kama 200 kwa siku kutokana na chakula cha nyongeza, na akishatimiza mwaka hitaji hilo hufika 550. Tumbo lake kwa mlo mmoja hupokea robo lita hivi. Sasa chukua unga wa mahindi na maji. Ukitaka uji mwepesi wa kunyweka kwa kikombe, utatia gramu tano au sita za unga katika kila gramu mia za uji, kwa sababu wanga ukipata moto hufyonza maji na kuvimba. Ongeza unga kidogo tu, uji unashika mwiko na mtoto anautema. Gramu mia za uji huo mwepesi zina kilokalori 20 hivi. Ili mtoto wa miezi minane azipate 200 zake itabidi anywe lita nzima kila siku juu ya maziwa ya mama, na yule wa mwaka mmoja ataivuka lita mbili na nusu. Haiwezekani. Mtoto anajaa tumbo, analala, na mwezi ukiisha mstari kwenye kadi ya kliniki haujapanda. Wala mama hakumnyima kitu.

Kwa miaka mingi madaktari hawakuiona hesabu hiyo. Mwaka 1933 Cicely Williams, daktari aliyefanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, aliueleza ugonjwa wa watoto wenye kuvimba miguu na kubabuka ngozi, akauhusisha na lishe ya mahindi. Miaka miwili baadaye aliuita kwashakoo. Uganda ikawa mahali pa kuuchunguza. Trowell, Davies na Dean walichapisha kitabu chao kuhusu ugonjwa huo mwaka 1954, na hospitali ya Mulago mjini Kampala ilijulikana duniani kwa kuwatibu watoto hao kwa unga wa maziwa. Maelezo yaliyokubalika yalikuwa kwamba watoto wamekosa protini. Umoja wa Mataifa ukaunda jopo la washauri wa protini mwaka 1955, na kwa miaka ishirini jibu likawa kutengeneza unga maalumu kiwandani: Guatemala ulikuwapo Incaparina, Ethiopia Faffa. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet kwamba mbio hizo za protini zilikuwa kosa kubwa, kwa kuwa watoto wengi walikosa chakula chenyewe, yaani nishati, kabla ya kukosa protini. Alikuwa mkali, lakini naona hesabu ya bakuli inamuunga mkono.

Mulago yenyewe ilikuwa imeanza kujisahihisha kabla ya hapo. Mtoto aliyepona kwa maziwa ya unga alirudi kwenye nyumba isiyo na maziwa ya unga, na baada ya miezi akaletwa tena. Kwa hiyo mwaka 1965 kikaanzishwa kitengo cha Mwanamugimu, ambako mama alikaa na mwanawe, akapika mwenyewe vyakula vya sokoni na vya shambani kwake: matoke, maharage au karanga zilizotwangwa, mboga, na dagaa wakipatikana, vyote kwa pamoja. Mchanganyiko huo, kitobero, ulimponya mtoto mbele ya macho ya mama yake kwa vitu alivyokuwa akivijua. Ulikuwa uamuzi wa heshima. Lakini angalia vizuri kilichofanyika: matoke na karanga havihitaji maji mengi kama unga wa mahindi, na karanga zina mafuta. Pamoja na protini, Mwanamugimu ilikuwa inaondoa maji kwenye bakuli.

Nafaka nayo ina njia yake, na hapa historia inakutanisha watu wasiotarajiwa. Mwaka 1865 mkemia Justus von Liebig, aliyekuwa Munich, alitangaza chakula cha watoto alichokitunga kwa unga wa ngano, maziwa ya ng'ombe, chumvi ya potasiamu na kimea cha shayiri. Kimea ndicho kilichokuwa siri yake. Nafaka ikichipua hutoa vimeng'enya vinavyokatakata wanga, na uji mzito uliotiwa kimea hulegea bila kuongezwa maji. Karne moja na ushei baadaye, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, ililishika jambo hilohilo kutokea upande mwingine. Mwaka 1983 A. C. Mosha na Ulf Svanberg walichapisha utafiti wao kuhusu unga wa nafaka zilizooteshwa, wakionyesha kwamba uji wa unga mwingi, wa kushika mwiko, unaweza kunyweka kwa kijiko kimoja cha kimea. Hawakukiagiza kimea Ulaya. Kilikuwa kwenye vyungu vya pombe na togwa tangu hapo.

Kukitengeneza ni hivi. Ulezi huoshwa na kulowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, ukatandazwa kwenye gunia bichi au majani ya mgomba na kufunikwa. Siku ya pili au ya tatu vichipukizi hutokea; huanikwa juani hadi vikauke, husuguliwa viganjani ili vidondoke, hupepetwa, kisha punje husagwa. Kwa mtama kusugua na kupepeta si urembo: chipukizi la mtama lina sumu ya sayanidi, na hiyo ni sababu mojawapo ya ulezi kupendelewa kwa watoto. Uji hupikwa mzito, huepuliwa na kuachwa upoe kidogo, kwa kuwa moto wa kuchemka huviua vimeng'enya. Kijiko cha kimea hutiwa na kukorogwa. Baada ya dakika kama kumi mwiko unaanza kwenda wenyewe. Uji hurudishwa motoni uchemke tena, na mtoto anapewa bakuli lenye unga mara tatu au nne ya ule wa awali. Ukiachwa uchachuke, inapatikana togwa. Mwaka 1994 Wilbald Lorri na Svanberg waliripoti kwamba watoto wa Tanzania waliolishwa uji uliochachuka waliharisha kwa nadra kuliko wenzao, maana asidi ya uchachu huzuia vijidudu vingi kustawi.

Hapa msomaji ana haki ya kuuliza: kama kimea ni kizuri hivyo, mbona hakikuenea? Ni pingamizi zito kuliko yote. Wapo wanaokitetea kimea kwa kutaja mpango wa lishe wa mkoa wa Iringa, ulioanza mwaka 1983 kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani katika vijiji 168, ambako idadi ya watoto wenye uzito pungufu ilishuka kutoka asilimia 56 hivi hadi 38 kufikia mwaka 1988. Lakini Iringa watoto walipimwa uzito mara kwa mara, wakachanjwa, wakawekewa vituo vya kulishia, na vijiji vikajadili takwimu zao vyenyewe. Haitakuwa haki kukipa kimea sifa ya kazi yote hiyo. Ukweli ni kwamba kimea kama chakula cha mtoto kilibaki zaidi kwenye semina na vijitabu, na sababu inaonekana katika maelezo niliyotoa hapo juu: ni kazi ya siku tatu au nne, kwa mwanamke ambaye msimu wa palizi anatoka alfajiri na kurudi jioni. Tena kwa wengi kimea ni kitu cha pombe, na si kila mama yuko tayari kueleza kwa jirani au kwa mchungaji kwa nini ameanika kimea uani. Liebig alikumbana na jambo linalofanana. Chakula chake kilisumbua kuandaa. Mwaka 1867 Henri Nestlé wa Vevey alileta unga wa maziwa na ngano iliyokwisha kuokwa, wa kuchemsha na maji tu, na soko likamfuata yeye. Mama wa Ulaya hakukosa ujuzi. Alichagua kilichomwachia saa zake.

Zaidi ya hayo, kile tunachokiita cha nyumbani chenyewe kimebadilika. Ulezi na mtama ni nafaka kongwe za bara hili. Mahindi yalikuja kutoka Amerika, na katika enzi ya ukoloni yakawa posho ya vibarua wa mashambani na reli, zao la soko, na hatimaye chakula cha kila siku. Mahindi yaliyooteshwa hayana nguvu ya kulegeza uji kama ulezi. Kisha mashine ya kukoboa ikaingia, sembe ikawa chakula cha watu wenye nafasi, na pumba pamoja na kiini, vyenye mafuta, madini ya chuma na vitamini, vikaenda kwa mifugo. Kwa hiyo uji mweupe wa sembe anaopewa mtoto leo kwa jina la chakula cha asili umepita sokoni na mashineni kabla ya kufika jikoni.

Watetezi wa kopo wana hoja mbili ambazo sitazipuuza. Ya kwanza ni madini ya chuma: baada ya miezi sita akiba ya mtoto hupungua, nafaka na maharage hukitoa chuma chake kwa shida, na unga wa kiwandani huongezewa. Ni kweli, ingawa dagaa, maini na nyama iliyosagwa hufanya kazi hiyo pale vinapopatikana. Ya pili ni usalama. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya kwa mahindi ya majumbani, na mwaka 2016 Dodoma na Manyara zikapata msiba wao. Ndiyo maana naushuku ule unga wa lishe wa nafaka kumi na karanga unaouzwa kwa kilo: karanga iliyosagwa hugeuka ladha upesi, soya isiyokaangwa vizuri humsumbua mtoto tumbo, na punje mbovu ikishasagwa haionekani. Lakini kiwanda nacho si mlezi asiye na maslahi. Kashfa ya uuzaji wa maziwa ya chupa ya watoto katika miaka ya 1970 ndiyo iliyozaa kanuni za kimataifa za uuzaji huo za mwaka 1981, kanuni za Tanzania za 1994 na sheria ya Kenya ya 2012. Na mwaka 2024 shirika la Public Eye la Uswisi lilionyesha kwamba Cerelac ya Nestlé iliyouzwa katika nchi nyingi maskini ilitiwa sukari ambayo nafaka za namna hiyo za kampuni hiyohiyo nchini Uswisi hazikuwa nayo.

Soma pia maandishi madogo ubavuni mwa pakiti nyingi za nafaka za watoto: unga wa ngano uliovunjwa kwa vimeng'enya. Hicho ni kimea kilichopita maabara. Mama analipia kwa bei ya duka kazi ambayo ulezi uliochipua huifanya, na analipa kwa kuwa hakuna aliyemfanyia kazi hiyo karibu naye. Mashine za kusaga zimeenea hadi vijijini, na wenye mashine hizo wanajua kupepeta, kukausha na kupima kwa kibaba. Kimea cha ulezi hutumika kijiko kwa bakuli, kwa hiyo debe moja linaweza kuhudumia watoto wengi wa kijiji. Kikioteshwa na kusagwa na mtu mmoja anayekaguliwa na afisa afya, kikauzwa kwa vipimo vidogo pale pale mama anapopeleka mahindi yake, zile siku tatu za kazi zinamwondokea, naye anabaki na uji wake mwenyewe.