Bastola ya Sohar na Reale za Unguja

Mchana mmoja wa Februari 1866, Sayyid Thuwaini bin Said, mtawala wa Maskati, alikuwa amejilaza Sohar. Alikwenda huko kukusanya jeshi la kuwakabili Mawahabi, waliokwisha kuupora mji wa Sur. Hao hawakumfikia. Aliyempiga bastola usingizini ni Salim, mwanawe wa kumzaa. Ami yake Salim, Turki bin Said, alitupwa kifungoni hadi Waingereza walipoingia kati.

Katika senema za zamani za Uingereza, bwana mkubwa mwovu hushikwa kabla taa za ukumbi hazijawashwa. Salim wa Maskati alikalia kiti cha baba yake, na kabla mwaka haujaisha Waingereza wakamtambua kuwa mtawala.

Iliyogoma kumlipa Salim ni Unguja. Sayyid Said, baba yake Thuwaini, alipofariki baharini mwaka 1856, Thuwaini alibaki na Maskati, nduguye Majid akabaki na Unguja. Mwaka 1859 Thuwaini alituma merikebu kwenda kumng'oa Majid. Waingereza wakazirudisha njiani. Kisha Lord Canning, mkuu wa serikali ya Waingereza huko India, akaamua mwaka 1861 kwamba Unguja, yenye karafuu na neema zake, iilipe Maskati reale 40,000 za Maria Theresa kila mwaka.

Majid hakuzipenda hata siku moja reale hizo. Sasa akapata hoja: vipi amlipe mtu aliyemuua baba yake mwenyewe? Hoja nzito, ingawa sidhani kama Majid alimlilia sana kaka aliyetaka kumpindua. Serikali ya India haikumsikiliza. Kwake deni lilikuwa la nchi kwa nchi, hata mlipwaji akiwa na damu mikononi.

Waliomtoa Salim ni Waomani wenyewe. Mwaka 1868 Azzan bin Qais aliiteka Maskati, akatawazwa Imamu, Salim akakimbia. Azzan naye aliuawa vitani Matrah mwaka 1871, Turki akashika nchi. Tangu 1873 Waingereza wakaubeba wenyewe mzigo wa reale, kwa sharti kwamba Turki apige marufuku biashara ya watumwa. Kwa hiyo mfungwa wa Sohar ndiye aliyezila.

Salim alifia Hyderabad ya Sind mwaka 1876, akiwa kizuizini mwa Waingereza. Walimshikilia kwa fujo zake za kutaka kurudi Oman. Kwa kumuua baba yake, hakuna aliyemhukumu.