Njia ya Klarineti Hadi Mbezi Luis

Ukifuata nyayo za vitabu vya mazoezi ya ala za kupuliza, kabla ya kufika ukumbi wa tamasha utakutana na gwaride. Hyacinthe Klosé, aliyetoa kitabu chake cha klarineti Paris mwaka 1843, alipitia bendi za jeshi. Adolphe Sax alipata hataza ya saksafoni mwaka 1846, na macho yake yalikuwa kwa majeshi. Mwaka 1857 Waingereza wakafungua Kneller Hall kufundisha wapigaji na viongozi wa bendi zao za kijeshi.

Huku kwetu njia hiyo inashuka na Barabara ya Morogoro. Kutoka Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, nilipita Kimara, Ubungo, Manzese na Magomeni hadi Mnazi Mmoja, kwenye mji wa zamani wa Marini na Arinoti. Hizo zilikuwa pande mbili za Beni, ngoma iliyozuka pwani ya Kenya miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi, kisha askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia wakaisambaza bara. Pande hizo zilishindana, na hukumu ilikuwa ya watazamaji: umewachezesha au hukuwachezesha.

Mimi nahukumu vitabu kwa kipimo hichohicho. Taffanel na Gaubert, kitabu cha filimbi cha mwaka 1923, kina mazoezi ya kila siku ambayo ni dawa ya vidole. Nayaheshimu kama ninavyoiheshimu kwinini. Lakini Franz Wilhelm Ferling, mpiga obo wa Braunschweig, aliandika mazoezi 48 yanayokwenda mawilimawili, la polepole kisha la haraka, na yale ya polepole ni nyimbo kamili. Ndiyo maana hayakubaki kwenye obo. Cyrille Rose aliyachukua kwa ajili ya klarineti, akapata mazoezi yake 32. Marcel Mule akayapeleka kwenye saksafoni na kuongeza 12 yake, yakafika 60. Zoezi linaloombwa na wenye ala nyingine limeshafaulu mtihani.

Kopi ya Rose niliyoikuta Mbezi Luis ilikuwa imefifia pembeni, na juu ya mistari mtu ameandika solfa kwa penseli, kama wanakwaya wanavyofanya. Kijana mwenye kopi hiyo hupiga matarumbeta Jumamosi, juu ya pikapu inayotangulia maharusi. Zoezi la kwanza, lile la polepole, alilipuliza akivuta pumzi mahali ambapo mwimbaji angevuta. La pili lilimtoa jasho, na nusu yake ilikuwa vidole vitupu. Sikumlaumu, hata kwa Rose zipo kurasa za kujaza daftari.

Kinachoniudhi ni kwamba mwalimu wa hapa humpa mwanafunzi Rose kwanza, na muziki wa dansi baadaye, kama zawadi. Ningegeuza mpangilio huo. Ningeanza na vipande vya midomo ya bata, yaani saksafoni, vya NUTA Jazz, bendi ya mwaka 1964: ni vifupi, vina nafasi ya pumzi, lazima viingie palepale gitaa linapoacha, na ukikosea, kila mzee wa Mbezi aliyekaa kibarazani atajua.