Peters Yupi?

Wapo wanaoshikilia kwamba kubadili jina la jengo au mtaa ni kufuta historia. Hebu tuiangalie Petersallee, barabara ya Berlin. Mwaka 1939, enzi za Wanazi, ilipewa jina la Carl Peters, yule yule aliyepita Usagara na Uzigua mwaka 1884 akijitwalia nchi kwa mikataba ya ulaghai, hata akaja kuitwa Mkono wa Damu.

Mwaka 1986 wakuu wa mji wakaona aibu. Wakafanyaje? Jina wakaliacha, wakatangaza eti Peters sasa ni mwingine: Hans, mwanasheria aliyewapinga Wanazi. Lakini sisi wa fasihi tunajua, maana haiamuliwi na mwandishi peke yake. Msomaji naye ana lake. Nani angemsahau Carl kwa tangazo tu?

Agosti 2024 jina likaondolewa. Sehemu moja ikawa Maji-Maji-Allee, nyingine ikapewa jina la Anna Mungunda wa Namibia. Sasa nauliza, historia imefutwa wapi? Mpita njia asiyejua vita vya 1905–1907 itambidi aulize Maji Maji ni nini. Kwa maoni yangu, kufuta kwenyewe kulifanyika 1986, jina lilipobakizwa na mwenyewe akafichwa.