Pancha ya pikipiki: namna ya kuitafuta

Kutafuta pancha ni kubaini mahali upepo unapotokea katika gurudumu la pikipiki, pamoja na kitu kilichotoboa. Hilo la pili hupuuzwa sana, na ndiyo maana tyubu iliyozibwa asubuhi huishiwa upepo tena kabla ya jioni.

Tairi la nyuma likipungua upepo, mkia wa pikipiki huyumba. La mbele hufanya usukani kuwa mzito. Dereva ashushe abiria papo hapo na kukokota, kwani tyubu inayosagwa kati ya rimu na tairi haitazibika tena.

Ukaguzi huanzia kwenye vali. Kofia yake hufunguliwa, kisha mate au maji ya sabuni hupakwa mdomoni. Povu likivimba, kipini cha ndani kinavuja, na hukazwa au kubadilishwa bila kufungua tairi. Vali ikiwa salama, gurudumu huinuliwa kwa stendi kubwa na kuzungushwa polepole. Msumari ukionekana, mahali pake huwekwa alama kwa chaki kabla ya kuung'oa.

Tyubu ikitolewa, hujazwa upepo mpaka inenepe kuliko kawaida ili kitobo kidogo kifumbuke, kisha huzamishwa kipande kwa kipande katika beseni la maji. Mapovu huonyesha tundu. Pasipo maji, hupitishwa karibu na shavu au midomo, maana ngozi ya hapo huhisi upepo mwembamba kabisa.

Tundu lenyewe hueleza mengi. Moja upande wa nje wa tyubu ni la msumari au mwiba. Mawili yaliyokaa sambamba hutokana na tyubu kubanwa na rimu kwenye jiwe au shimo, hasa mzigo ukiwa mkubwa na upepo mdogo. Tundu la upande wa ndani huashiria ncha ya spoki, au utepe wa rimu uliohama. Mpasuko kwenye shina la vali huonyesha kuwa tairi limekuwa likiteleza juu ya rimu kwa kukosa upepo wa kutosha.

Kisha tyubu hulazwa juu ya tairi, vali ikielekea tundu lake la rimu, ili kujua sehemu ya kupekua. Kwa kuwa tyubu huweza kugeuzwa bila fundi kujua, pande zote mbili za vali hukaguliwa. Ndani ya tairi hupitishwa kitambaa, si kidole kitupu: mwiba wa mgunga hukatikia ndani ya mpira ukabaki ncha tu, nao uzi wa chuma hauonekani kwa macho. Kitambaa kinaponasa, ndipo penye adui.

Tairi lisilo na tyubu hukaguliwa likiwa kwenye rimu, kwa maji ya sabuni pande zote, hata ukingoni linapokutana na rimu.

Tyubu iliyozibwa hurudishwa majini kabla ya kuvishwa, kwa sababu msumari mrefu hutoboa pande mbili.